Menengai Ndiyo Kipimo

Jumamosi alfajiri, wakati wauza chai na mandazi ndio kwanza wanawasha majiko, matatu za kukodi huanza kuondoka Nakuru zikiwa na abiria wasiokwenda sokoni wala kazini. Wamevaa raba na kofia, wamebeba mikoba mgongoni, na wengi wao hawajuani. Kilichowakutanisha ni tangazo lililozunguka kwenye simu: picha ya vijana wakirukaruka kileleni, tarehe, bei ya nauli pamoja na ada ya kuingia, na maneno machache ya kutia moyo kwamba wanaoanza wanakaribishwa.

Kinachokosekana katika matangazo mengi ya namna hiyo ni namba nne. Njia ina urefu wa kilomita ngapi? Inapanda mita ngapi kutoka mwanzo hadi juu? Inachukua muda gani? Na kilele kiko mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Anayelipia safari bila kuzijua namba hizo ni sawa na mtu anayenunua viatu gizani bila kuuliza saizi. Vikimtosha, ni bahati. Visipomtosha, atagundua akiwa njiani, mbali na gari, jua likiwa utosini.

Wakazi wa Nakuru wana bahati ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Jiji lao liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na kulizunguka kuna ngazi nzima ya milima. Menengai ina mita 2,278. Longonot ina 2,776. Upande wa mashariki umesimama ukuta wa Nyandarua, wenye Kipipiri ya mita 3,349, Elephant Hill ya karibu 3,600, Kinangop ya 3,906 na Satima ya 4,001. Mbele zaidi uko Mlima Kenya, ambao kilele chake cha watembeaji, Lenana, kina mita 4,985. Kila daraja la ngazi hiyo linafundisha jambo ambalo la chini yake halifundishi. Shida huanza mtu anapotoka kwenye kochi la sebuleni na kurukia daraja la nne.

Pa kuanzia ni nyumbani. Kutoka katikati ya jiji, kupitia Milimani hadi ukingo wa Menengai ambako watu husimama kutazama, ni mwendo wa takriban kilomita 8, na njia hiyo inapanda zaidi ya mita 400. Huko juu kasoko inajitandaza mbele ya macho, karibu kilomita 12 kwa 8, kuta zake zimekatika wima, chini kuna mawe meusi ya volkeno na mvuke wa visima vya jotoardhi. Watu wa Nakuru wameuzoea mlima huu kiasi cha kuudharau. Wengi hufika kwa gari, hupiga picha, hununua mahindi ya kuchoma na kurudi. Lakini kwa anayetaka kujua uwezo wa mwili wake hakuna kipimo cha bei nafuu zaidi. Hauhitaji kulala nje, msaada uko karibu, na bodaboda ya kumrudisha aliyeshindwa haikosekani.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo. Hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kutoka mjini hadi ukingo wa Menengai ni muda wa saa 2 na dakika 20 hivi. Naismith alikuwa akimfikiria mtu mwenye nguvu asiyesimama njiani, kwa hiyo anayeanza aongeze nusu ya muda huo na asione haya. Akifika juu katika muda usiozidi saa 3 na nusu, yuko sawa.

Saa pekee haitoshi, ni lazima mwili usikilizwe. Akiwa katikati ya mpando, mtu ajaribu kuzungumza na mwenzake. Akiweza kutoa sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wake unamfaa. Akiweza maneno mawili tu, anakwenda kasi kuliko moyo wake. Wakati wa kushuka asikilize magoti, kwa sababu mapaja huumia zaidi yanapouzuia mwili kuteremka kuliko yanapousukuma juu, na maumivu yake huchelewa kujitokeza. Aliyepanda Jumamosi aangalie anavyoshuka ngazi za ofisi Jumatatu. Kama anashikilia ukuta, basi arudie Menengai wiki 2 au 3 zaidi, kila mara akiongeza uzito kidogo kwenye mkoba, kabla ya kulipia safari nyingine yoyote.

Tahadhari moja kuhusu Menengai. Ukingo na sakafu ya kasoko ni vitu viwili tofauti. Huko chini mawe ni makali, vichaka vimefungana, joto hukusanyika kama kwenye sufuria, na vijia hufanana hadi mtu asiweze kutofautisha alikotoka na anakokwenda. Wapo waumini wanaoshuka kwenda kuomba katika mapango, nao wanazijua njia zao. Mgeni asishuke bila mwenyeji anayeyafahamu mapito.

Wenye watoto, au wazee ambao magoti yamechoka, wanaweza kuanzia kwenye vilima vya karibu na Ziwa Elementaita. Kile ambacho Wamasai hukiita Elngiragata Olmorani, yaani morani aliyelala, kinaonekana kutoka barabara kuu ya Nairobi kama mtu aliyejinyoosha chali. Kiko ndani ya hifadhi ya Soysambu, kwa hiyo kuna ada ya kulipa na kibali cha kuomba, lakini mpando wake ni mfupi na mandhari ya ziwa yanalipa jasho. Ni safari ya nusu siku.

Baada ya hapo ndipo Longonot.

Mlima huu umewapima Wakenya wengi kuliko mwingine wowote katika Bonde la Ufa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1983, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na njia yake inajulikana hadi mita ya mwisho. Kutoka lango hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kisha kilomita 3.1 za kurudi langoni. Jumla ni kilomita 13.4, na kutoka langoni, kwenye mita 2,150 hivi, hadi juu kabisa ni mpando wa zaidi ya mita 600, yaani Menengai moja na nusu. Kanuni ya Naismith inatoa muda unaokaribia saa 4, nao ukingo una panda-shuka zake ambazo hazimo katika hesabu hiyo. Saa 4 hadi 5 ni muda wa mtu aliyejiandaa. Asiyejiandaa hufikisha 7.

Wanaorudi kutoka Longonot wakilalamika hulalamikia mambo matatu, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye picha. La kwanza ni vumbi. Ardhi yake ni majivu ya volkeno, na katika baadhi ya sehemu miguu ya watu na maji ya mvua vimechimba mfereji unaommeza mtembeaji hadi kiunoni au zaidi. Kupanda humo ni kama kupanda kichuguu cha mchanga, na kushuka ni kuteleza. Raba zilizokwisha soli hazifai kabisa. Fimbo moja ya kushikia hufaa kuliko viatu vya bei ghali. La pili ni kiu. Mlimani hakuna maji na kivuli ni haba, kwa hiyo lita 3 kwa kila mtu si nyingi. La tatu ni kilele chenyewe. Njia inapofika kwenye ukingo, wengi hudhani wamemaliza. Kilele Ngamia, chenye zile mita 2,776, hakiko hapo. Kiko mbele, kwenye ukingo, baada ya mpando mkali ambao watu huushika kwa mikono.

Kwa sababu hiyo mahali pa kuamua ni pale pale njia inapougusa ukingo. Aliyetumia zaidi ya saa 1 na nusu kufika hapo, au aliyekwisha kunywa nusu ya maji yake, ameona vya kutosha: msitu ndani ya kasoko, Ziwa Naivasha kwa mbali, na nyumba ndogo za Mai Mahiu chini. Aketi, ale ndizi na yai lake, kisha ashuke. Akishaanza kuzunguka ukingo na kufika nusu yake, umbali wa kurudi nyuma na wa kusonga mbele unakuwa mmoja, na uchovu hauna njia ya mkato. Kwenda hadi ukingoni na kurudi bado ni kilomita 6.2 za mlima, na anayeanza hana sababu ya kuzionea aibu.

Kuna kosa ambalo hata wenye nguvu hulifanya, nalo ni kudhani kwamba njia rahisi kwa miguu ni salama. Karibu na Longonot iko Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ambako watu huendesha baiskeli kati ya pundamilia na kutembea katika korongo la Ol Njorowa. Korongo hilo halidai mapafu ya mwanariadha. Lakini Aprili 2012 vijana 7 waliokuwa na kikundi cha kanisa walikufa humo, maji ya mafuriko yalipowajia ghafla kati ya kuta za mawe. Tarehe 1 Septemba 2019 watu 7 wengine walisombwa na kufa mahali pale pale, na korongo likafungwa. Maji ya korongo huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu, huku waliomo ndani wakiwa chini ya anga ya buluu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama miguu itafika, mtu aulize pia hali ya hewa ya siku 2 zilizopita, na amwulize askari wa langoni, si mwandaaji aliyekwisha pokea pesa. Korongo likiwa limefungwa, limefungwa kwa sababu.

Hali ya hewa ya Bonde la Ufa ya kati ina desturi zake. Mvua nyingi hunyesha Aprili na Mei, na Nakuru hupata nyingine nzito katikati ya mwaka, hadi Agosti. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi, na ndiyo yenye vumbi na jua kali. Katika majira yote, mawingu hupenda kujikusanya mchana. Anayeanza kupanda saa 12 asubuhi huwa ameshuka kabla ya ngurumo. Anayeanza saa 5 hukutana nayo akiwa juu, mahali ambapo yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Katika daraja hili la pili wapo wanaopenda Suswa, volkeno ya mita 2,356 katika nchi ya Wamasai, upande wa kusini wa Longonot. Kwa mita peke yake inaonekana nyepesi. Lakini ina kasoko mbili, moja ndani ya nyingine, mapango marefu yaliyotobolewa na uji wa volkeno, joto, na uhaba wa maji ulio mkubwa hivi kwamba wenyeji hutega mvuke wa ardhini kwa mabomba na kuupoza ili wapate maji ya kunywa. Mwongozaji wa Kimasai ni wa lazima hapo, kwa njia na kwa heshima ya ardhi ya wenyewe. Eburru, juu ya Naivasha, ni msitu wa milimani wenye kivuli, matundu ya mvuke na uzio wa umeme wa kuwalinda wanyama. Inamfaa mtu aliyeizoea Longonot na sasa anataka kujifunza kutembea msituni kabla ya kuingia Nyandarua.

Na Nyandarua ndipo wengi huvunjika moyo. Mtu amepanda Longonot mara 2, amejisikia shujaa, analipia Elephant Hill kutoka Njabini akidhani ni kilima kama vingine kwa kuwa jina lake linasema kilima. Anakuta mpando wa karibu mita 1,000, zaidi ya Menengai mbili mfululizo, na siku nzima ya kutembea: saa 8 hadi 10 kwa wengi. Kwanza unapita shamba na msitu, halafu mianzi iliyosongamana yenye matope yanayovua viatu, halafu nyasi na mawe yenye upepo wa baridi. Kuna sehemu ambayo wapandaji wameipa jina la mahali pa kukata tamaa, na jina limekaa. Ndovu na nyati wanaishi humo, ndiyo maana askari wa misitu mwenye bunduki hutembea na kundi. Hapo mtu hawezi kuamua peke yake kwamba amechoka na anarudi. Akirudi, lazima arudi na mlinzi, na kundi zima limpishe.

Hesabu ya baridi nayo ifanywe mapema. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Satima iko mita 2,150 juu ya Nakuru, kwa hiyo asubuhi ambayo mkazi wa jiji anavaa sweta moja kwenye nyuzi 12, kileleni kunaweza kuwa chini ya sifuri, kabla ya kuhesabu upepo. Suruali ya jinzi ikilowa hunyonya joto la mwili na haikauki. Suruali nyepesi ya michezo, sweta la sufu au la kitambaa cha manyoya, na koti la mvua lisilopitisha maji vinatosha. Soko la mitumba la Nakuru lina vyote vitatu kwa anayejua kutafuta. Tochi isikosekane hata kama mpango ni kurudi saa 9 alasiri.

Nyandarua inafundisha jambo lingine ambalo halionekani kwenye ramani. Satima ndiyo ndefu kuliko vilele vyote vya safu hiyo, lakini waliovipanda vyote viwili mara nyingi husema Elephant Hill iliwachosha zaidi. Sababu ni kwamba safari ya Satima huanzia juu tayari, kwenye nyika ya baridi, na mita za kupanda ni chache. Hivyo urefu wa kilele hausemi ugumu wa miguu. Unasema habari za hewa. Mtu mwenye miguu dhaifu na kichwa kisichosumbuliwa na mwinuko anaweza kuifurahia Satima na kuteseka Elephant Hill. Mwenye miguu ya chuma anayeumwa kichwa kila apandapo juu ya mita 3,500 mambo yake ni kinyume. Kila mmoja anahitaji kujijua yuko upande gani, na hakuna njia ya kujijua ila kupanda hatua kwa hatua.

Hilo la hewa ndilo linalotenganisha Mlima Kenya na vyote vilivyotangulia. Usiku wa uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya huko Lenana, na tangu hapo kufika Lenana ni ndoto ya watu wengi ambao hawatagusa kamba za kukwelea Batian, yenye mita 5,199, wala Nelion, yenye 5,188. Ndoto ni nzuri. Lakini huko juu kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani, na kuishi Nakuru kwenye mita 1,850 hakusaidii sana.

Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kuanzia mita 2,500. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi kukatika. Haubagui wenye mazoezi. Mkimbiaji wa Njoro anayemaliza kilomita 20 kila asubuhi anaweza kuupata kabla ya shangazi yake anayekwenda polepole, tena mara nyingi humpata yeye kwanza kwa sababu nguvu zake zinamruhusu kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Hatari kubwa ni pale maji yanapojaa mapafuni, mgonjwa akatweta hata akiwa ameketi, au ubongo unapovimba, akapepesuka kama mlevi na kusema ovyo. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hakuna chai, glukosi wala dua inayochukua nafasi ya kushuka.

Madaktari wa milimani wana kanuni nyepesi: juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 kuwe na siku ya kupumzika. Sasa itazamwe njia ya Sirimon, inayosifiwa kuwa ya taratibu. Usiku wa kwanza ni kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili ni kambi ya Shipton's, mita 4,200. Tofauti ni mita 900. Saa 8 au 9 ya usiku huo huo kundi linaamka gizani na kupanda mita nyingine zaidi ya 700 hadi Lenana, kisha linateremka siku nzima. Safari ya siku 3, ile inayotangazwa kwa bei ya kuvutia mwishoni mwa wiki ndefu, haina nafasi ya mwili kuzoea. Usiku 1 wa ziada unabadilisha mambo. Aliye na pesa ya siku 3 tu heri asubiri miezi 2, aongeze akiba, alipie siku 4 au 5. Hesabu hiyo inatumika pia Kilimanjaro, ambako nyumba za njia ya Marangu, yaani Mandara, Horombo na Kibo, zimeachana kwa takriban mita 1,000 kila moja, na wenye busara hulala Horombo siku 2.

Kuna watu ambao wamwone daktari kabla ya kulipa hata amana: wenye shinikizo la damu, pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, na wajawazito. Wenye selimundu wanahitaji tahadhari ya pekee, kwani upungufu wa oksijeni na maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali yanayohatarisha maisha. Katika nchi ambayo ugonjwa huo umeenea sana upande wa magharibi na pwani, mwandaaji wa safari anapaswa kuuliza habari zake waziwazi, na anayeulizwa asifiche.

James Kagambi alikuwa na umri wa miaka 62 alipokuwa Mkenya wa kwanza kusimama juu ya Everest, Mei 2022. Wengi walishangazwa na umri wake. Waliomjua hawakushangaa, kwa kuwa alikuwa ameishi maisha yake akipanda milima na kuwafundisha wengine kupanda, Mlima Kenya, Denali na Aconcagua ikiwa miongoni mwa milima hiyo. Miaka 2 baadaye, Mei 2024, Cheruiyot Kirui, aliyekwisha kupanda Manaslu, alifariki Everest akijaribu kufika bila oksijeni ya mtungi, pamoja na mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa. Alikuwa hodari, na nchi ilimlilia. Kifo chake kinawahusu pia wanaokwenda Lenana kwa mara ya kwanza, kwa sababu kinaonyesha kwamba ujuzi hupunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba juu sana mlima huachia nafasi ndogo ya kusahihisha kosa.

Tuseme basi kuna mwalimu wa Bahati mwenye umri wa miaka 40, anayekaa darasani siku nzima, na anataka Lenana mwezi wa Februari mwaka ujao. Tuseme pia anaanza Machi. Miezi 2 ya kwanza ni Menengai kila Jumamosi ambayo mvua imemruhusu, akitembea kutoka mjini badala ya kupanda gari. Juni anajaribu Longonot hadi ukingoni tu, Julai mzunguko mzima. Septemba Kipipiri au Eburru, ili aonje matope na msitu. Novemba au Desemba, mvua ikimpa nafasi, Elephant Hill, na hapo atajua kama miguu inatosha. Januari Satima, ili ajue kichwa chake kinasemaje kwenye mita 4,000. Kikiuma kidogo na kupona akishuka, ni kawaida. Kikiuma hadi kutapika, Lenana aisogeze hadi Agosti na achague safari ndefu zaidi. Gharama ya safari hizo zote za mazoezi pengine haifikii ile ya Mlima Kenya yenyewe, na ndizo zinazoamua kama ile kubwa itakuwa furaha au mateso.

Kundi nalo huchaguliwa kama mlima unavyochaguliwa. Mwandaaji aulizwe nani atatembea nyuma kabisa, pamoja na wa mwisho. Aulizwe ni saa ngapi kundi litageuka hata kama kilele kinaonekana. Aulizwe kama ana mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na kama idadi ya waliopanda huhesabiwa tena wakati wa kushuka. Majibu yakiwa ya kubabaisha, pesa ibaki mfukoni. Kwenye Mlima Kenya, KWS hairuhusu mtu kupanda peke yake, na katika milima mingine ya ukanda huu, hata pale sheria isipokataza, mtu aache nyumbani jina la njia, nambari ya simu ya kiongozi na saa anayotarajia kurudi.

Kwa wanaoandaa safari hizi Nakuru, Naivasha na Gilgil kuna ombi moja. Tangazo linalofuata liwe na zile namba nne: kilomita za njia, mita za kupanda, muda wa mtu wa kawaida, na kimo cha kilele. Namba hizo zinajaza mstari mmoja tu chini ya picha.